Nilikiri, Watu Wakacheka

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliachia wapi na nilikuwa nimeshika nini mkononi. Mliokosa nawapa kwa ufupi, maana leo mambo ni mengi na mabaya.

Naitwa Noela, nina miaka kumi na sita, tunakaa Ruhuwiko. Shuleni nimesimamishwa tangu siku ile nilipomchoma mwenzangu kiganja kwa bikari, ikapita mpaka ikagota kwenye dawati. Usiku wa Jumanne umeme umekatika, nikaingia jikoni nikakuta mwanaume amemkaba mama shingo. Ananuka ulanzi, pombe ya mianzi. Mgongo ule niliujua: Edmund, baba yangu wa kambo. Nikachukua mchi wa kinu nikampiga nyuma ya sikio. Mara tatu.

Alianguka, akainuka, akatoka anayumba gizani. Mama alikuwa anakohoa chini. Alipopata pumzi aliniambia maneno manne tu: "Kalale. Hukuona kitu chochote."

Asubuhi Edmund akaokotwa korongoni nyuma ya nyumba, amekufa.

Kuna kitu wiki iliyopita niliona aibu kuwaambia. Mapigo mawili yalikuwa ya kumwokoa mama. La tatu, yule mtu ameshalala chini. La tatu nililipiga kwa sababu niliipenda ile sauti.

Haya, tuendelee. Ijumaa, siku ya kuzika.

Turubai limefungwa uani, wanawake kwenye mikeka wanasali rozari, wanaume kwenye mabenchi. Jeneza liko katikati, limepigiliwa misumari. Baba mdogo Yohanes, mdogo wake Edmund, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba, na aliagiza hakuna kuaga uso. "Mwili umeharibika," alisema. Yeye ndiye alikwenda hospitali kumwosha na kumvisha. Sisi wengine hatukuona kitu. Wapo waliosema marehemu kapigwa nondo, wapo waliosema jiwe. Mimi nilijua ni mchi, nikawa nakula ugali wa msiba kama nameza mchanga.

Saa sita kasoro tukasikia pikipiki tatu na kelele.

"Tumempata! Muuaji tumempata!"

Ni Raphael, dereva wa bodaboda, rafiki yake Edmund wa kunywa. Nyuma yake, katikati ya vijana kama ishirini, alikuwa Iddi. Shati limechanika, jicho moja limeshavimba.

Iddi ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, kijana wa Tunduru, anatengeneza simu Majengo. Niwaambie kwa nini namjali. Nilipomchoma yule mwenzangu, kila mtu aliniuliza nina pepo gani. Iddi peke yake aliniuliza, "Alikwambia nini mpaka ukafika huko?" Akasubiri nijibu. Ilinichukua nusu saa, na alisubiri.

Raphael aliinua simu juu. "Simu ya marehemu hii hapa! Ilikuwa kibandani kwake, ameifungia kwenye droo!"

"Aliniletea mwenyewe!" Iddi alilia. "Kioo kimepasuka! Wallahi aliniletea Jumatatu, muulizeni hata mama mwenye nyumba..."

Raphael alimpiga spana mdomoni. Meno mawili yakaanguka kwenye mkeka wa wanawake. Bibi mmoja aliyasukuma pembeni kwa ncha ya kanga, akaendelea na Salamu Maria.

Walimfunga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Wakampiga. Sitaeleza yote. Fimbo zikivunjika walitumia mikanda, na kuna kaka mmoja wa kwaya, mtaratibu kabisa, alipanga foleni apate zamu yake.

Mjumbe wetu, mama Kunegunda, alitoa simu aite polisi. Raphael akamnyang'anya kwa adabu kabisa. "Shikamoo mama. Utaipata tukimaliza."

Mwingine ameshaleta tairi. Mwingine amefungua tangi la pikipiki anakinga petroli kwenye chupa ya maji.

Hapo ndipo baba mdogo Yohanes alipoinua mkono. "Vijana! Hapana kuua mtu juu ya maiti. Tuzike kwanza."

Wazee wakaitikia, "Ndiyo, kwanza tuzike." Walisema vile kama wamemhurumia. Kumbe maana yake ni kwamba Iddi atakuwa hai mpaka kaburi lifukiwe. Kaburi liko kwenye kiwanja cha ukoo, mwendo wa dakika kumi. Piga hesabu mwenyewe.

Nikatambaa mpaka kwa mama. Amekaa kichwani kwa jeneza, kanga mpaka kidevuni.

"Mama, nitawaambia."

"Nyamaza."

"Mama, watamchoma moto. Hajafanya kitu."

Alinishika mkono akaukandamizia kucha mpaka damu ikatoka. "Nyamaza, mwanangu. Nakuomba kwa jina la Mama Maria, nyamaza."

Mimi hata darasani nikiitwa jina nashindwa kusema "nipo". Watu mia mbili, nitaanzia wapi? Nilifungua mdomo mara mbili. Kikatoka kikohozi.

Wanaume sita wakashika jeneza. Wakalinyanyua. Nguzo ya Iddi ikalia, alikuwa anajaribu kujing'oa.

"Shusheni! Shusheni chini!"

Watu waligeuka. Anaingia mzee Pankrasi, Mbena anayeuza ulanzi Majengo. Mnajua sisi Wangoni na Wabena ni watani, na mtani msibani humwigiza marehemu, wala haguswi. Ukimkasirikia unatozwa kuku. Amevaa koti la Edmund, amevaa gambuti za Edmund, na anatembea vilevile, bega moja chini kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Akajitupa juu ya jeneza, tumbo chini.

"Mnanipeleka wapi? Mmenipigilia misumari kama kasha la nyanya! Wangoni nyie hata kuzika mnazika mbiombio, kama mnafukia viazi!"

"Mbena, viazi ni vyenu huko Njombe!" alijibu mmoja, na uwanja mzima ukacheka. Hata waliokuwa wanalia walicheka. Ndivyo utani ulivyo, unakushika mbavu machozi hayajakauka.

"Sitoki hapa!" Pankrasi alipiga ubao ngumi. "Sitoki mpaka aliyeniua ajitaje mwenyewe! Yule mliyemfunga simtaki, yule kanitengenezea simu tu! Nataka muuaji wangu!"

Akaanza kuzunguka, anamnyooshea mtu kidole. "Wewe?"

"Mimi hapa nimekuua!" bibi wa jumuiya alisema. "Unaimba kanisani kama mbuzi kakanyagwa!"

"Na wewe?"

"Mimi! Ukikaribishwa kula unamaliza mboga peke yako!"

Vicheko. Akafika kwa baba mdogo Yohanes.

"Na wewe mdogo wangu wa damu, ni wewe?"

"Ni mimi, kaka," Yohanes alisema. "Nimekuua nirithi gambuti zako."

Hapo watu walicheka mpaka benchi likapinduka.

Halafu Pankrasi akasimama mbele yangu. Koti lile lilikuwa na harufu ya Edmund, tumbaku na sabuni ya kipande. "Na wewe mwali? Bubu wa nyumba hii? Usiniambie ni wewe."

"Ni mimi."

"Sauti! Maiti hasikii!"

Sauti ilinitoka. Sijui ilitokea wapi.

"Ni mimi niliyemuua! Usiku, jikoni, alikuwa anamkaba mama! Nilimpiga mchi mara tatu, hapa, nyuma ya sikio! Nimemuua mimi! Mwachieni Iddi!"

Pankrasi alinitumbulia macho.

Halafu msiba mzima ukalipuka. Vigelegele. Watu walipiga makofi. "Kumbe bubu anaongea!" "Lidwina, mwanao kaiva!" Pankrasi alijitupa chini anashika sikio, anagaragara na gambuti juu. "Uwii! Sikio langu! Ndiyo maana siwasikii!"

Nililia. Nikapiga magoti, nikamshika mama Kunegunda miguu, nikamwambia sio utani, mjumbe, sio utani. Alinipangusa machozi huku anacheka. "Umefanya vizuri, mwanangu. Mtani ameridhika."

Raphael naye alicheka. Chupa ya petroli iko mkononi.

Iddi ndiye hakucheka. Alinitazama kwa lile jicho lililobaki.

Nilihisi mkono unanishika shingo kwa nyuma. "Twende nikakunywishe maji," alisema baba mdogo Yohanes, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Mtoto kachoka."

Akanipeleka jikoni. Jiko lilelile. Akasukuma mlango kwa mgongo.

"Mara tatu," alisema. "Nyuma ya sikio. Umehesabu vizuri."

"Baba mdogo, nisamehe. Waambie basi. Wewe wanakusikiliza."

"Niwaambie nini? Kaka yangu nimemwosha kwa mikono hii. Kichwa chake kizima kama yai. Hana hata mchubuko."

Sikuelewa.

"Kaka yangu alikufa kwa kisu," alisema. "Kimoja tu, chini ya mbavu. Huko korongoni, umeme haujakatika bado."

Ndipo nikawaona nzi. Watatu, wanne, wanazunguka mzula wake, ile kofia ya sufi. Alikuwa hajauvua tangu Jumatano na mimi nilidhani ni baridi. Nyuma ya sikio sufi ilikuwa imekaukiwa damu, nyeusi, ngumu kama gamba.

Mgongo niliouona jikoni. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanafanana mgongo.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Alikataa kunipa shamba la Madaba. Shamba la baba yetu! Mama yako alikuja korongoni kumtafuta mumewe, akaniona nafuta kisu. Ningemmaliza palepale jikoni, ukaja wewe na mchi wako." Alitabasamu. "Nimemwambia. Siku akifungua mdomo, wewe ndiye wa kwanza. Kwa hiyo anakaa kimya. Na wewe utakaa kimya."

"Sitakaa."

Alinishika mkono wa kushoto, akafungua mlango kidogo, akaweka vidole vyangu kwenye bawaba za mlango, halafu akaufunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, ananitazama usoni, mpaka nikasikia vidole viwili vinavunjika. Mkono wake mwingine ulikuwa mdomoni kwangu.

"Sema sasa," alininong'oneza. "Toka, kaseme. Watacheka tena."

Akaniachia akatoka. Nje alisikika anasema, "Haya jamani, mtani ameshiba, tumpeleke ndugu yetu."

Wimbo ukaanza. Jeneza likanyanyuliwa mara ya pili.

Mimi ni mwoga, nimeshawaambia. Lakini mwoga ana kitu kimoja: hakuna mtu anayemtazama. Nilipita katikati ya wale wanawake, mkono wa kushoto nimeuficha kwapani, mpaka nikafika nyuma ya baba mdogo Yohanes aliyekuwa ameshika msalaba mbele. Nikaruka. Nikaushika mzula kwa mkono mzima, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Ulikuwa umegandia. Ulitoka na ngozi.

Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima. Msalaba ukaanguka. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na majeraha matatu yamejipanga, yameiva, yanatoa maji, na nzi wakashuka kama wameitwa mezani.

"Hesabuni!" nilipiga kelele. "Hesabuni wenyewe! Huyu ndiye nilimpiga! Huyu ndiye alikuwa anamkaba mama! Edmund kafa kwa kisu, fungueni jeneza mtaona!"

Wimbo ulikatika. Pankrasi alivua koti la marehemu taratibu, akalikunja, akaliweka juu ya jeneza.

"Jamani," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtani tena. "Huyu mtoto hakuwa anatania."

Nilidhani nimeshinda. Kwa sekunde kama tano hivi, nilidhani nimeshinda.

Baba mdogo Yohanes alikaa chini akaanza kulia. Machozi ya kweli, na kamasi.

"Sikutaka kusema," alisema. "Mbele ya maiti ya kaka yangu, sikutaka. Ni kweli, huyu mtoto alinipiga. Nilikwenda kumzuia. Alishamchoma kaka kisu, nikamkimbiza mpaka jikoni kwao nimnyang'anye, akaokota mchi. Nikasema ninyamaze, ni mtoto, nisiivunje nyumba ya kaka. Nikakubali kuoza kichwa. Lakini mmemsikia wenyewe! Kasema kwa mdomo wake, mbele ya watu wote: nimemuua mimi."

Watu mia mbili walinigeukia. Sasa hakuna aliyecheka.

"Kweli kasema," mtu alinong'ona.

"Na shuleni alimchoma mtoto wa watu."

"Ana kitu huyu. Tangu mdogo ana kitu."

Nilimtafuta Pankrasi. Anatikisa kichwa, anasema, "Hapana, hapana, subirini," lakini nani anamsikiliza Mbena aliyekuwa anagaragara na gambuti dakika kumi zilizopita?

Raphael alitoa kisu, akaenda kwenye nguzo. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa anakata kamba. Iddi alianguka mbele, magoti kwanza, halafu mikono.

Ndicho nilichokuwa nakitaka, sivyo? Iddi hana kamba. Kamba ile inakuja kwangu.

Wawili walinishika mabega. Mmoja alikanyaga mguu wangu nisitoroke. Kaka wa kwaya alinipiga kofi, akasema "Samahani," akanipiga lingine. Petroli niliisikia kabla sijaiona, ilinimwagikia kidogo kwenye sketi, ya baridi.

"Ngojeni!" Mama Kunegunda alijipenyeza akasimama mbele yangu, mikono ametanua. Mwanamke mfupi, ana sukari. "Mnipite mimi kwanza! Hapa kuna maneno mawili, la Yohanes na la mtoto. Jikoni kulikuwa na mtu wa tatu. Lidwina! Simama!"

Mama alisimama.

"Toa hiyo kanga."

Mama alitoa. Watu wakaguna. Shingoni kulikuwa na alama za vidole, nyeusi, kumi zote unaweza kuzihesabu.

"Mtoto hana mikono ya ukubwa huo," alisema mjumbe. "Nani alikukaba, Lidwina? Mtaje, umwokoe mwanao."

Baba mdogo Yohanes alikuwa ameshainuka. Alikuja akasimama nyuma yangu na kuwaondoa wale vijana, kama baba anayemchukua mtoto wake. Akaniwekea mkono shingoni. Mbele za watu ulikuwa mkono wa huruma. Kidole gumba kilikuwa kimeingia hapa chini ya taya, kinabonyeza, nikaanza kuona nyota mchana.

Mama alikiangalia kile kidole gumba.

Nilimwambia kwa macho. Mtaje, mama. Jina moja tu. Yohanes. Watu wote wako hapa, hawezi kukufanya kitu. Mtaje.

Mama yangu hajawahi kudanganya hata kwenye bei ya mchicha. Aliinua mkono. Ulianza kuja upande wetu, nikahisi kidole gumba kinazama zaidi, pumzi ikaisha kabisa, na mkono wa mama ukaendelea kusogea. Ukatupita.

"Ni yule," alisema. "Ni Iddi."

Baba mdogo aliniachia. Hewa iliingia kwa kelele.

Iddi hakusikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa damu. Alikuwa bado amepiga magoti chini ya nguzo, anajisugua mikono ilipokuwa imefungwa, ananitazama mimi peke yangu kati ya watu wote wale, na kwa mdomo usio na meno ya mbele anajaribu kuniambia, "Ahsante, mdogo wangu. Mungu akulipe."

Nyuma yake Raphael alikuwa anafungua kizibo cha chupa.